DNA inaionaje zebaki kwenye maji?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya maji, Geita. Nimesoma kuwa kipande cha DNA kinaweza kutambua zebaki inayoachwa na wachenjuaji wa dhahabu. Nilivyofundishwa, kazi ya DNA ni kurithisha. Inakuwaje itambue metali? Na nikitaka kuingia kwenye utafiti huo, nisome baiolojia au kemia?

JIBU: Marahaba. Shuleni tulikaririshwa kwamba DNA ni maelekezo ya urithi, na tukasahau kuwa kwanza kabisa ni kemikali: ina chaji hasi, inanata hapa, inakataa pale. Uzi tunaoutumia sisi haukutolewa kwenye kiumbe chochote. Mashine huuunga herufi moja moja kwa mpangilio tuliouagiza, nao hutufikia ukiwa mkavu ndani ya kichupa, mdogo kiasi kwamba usipouzungusha kwenye sentrifuji kabla ya kufungua kifuniko, unaweza kupeperuka usijue.

Sasa zebaki. Katika herufi za DNA, T kwa kawaida hushikana na A. Lakini ayoni ya zebaki yenye chaji mbili ikikuta T mbili zinatazamana, inajipenyeza katikati, inaondoa hidrojeni moja kila upande na kuzifunga pamoja. Mwaka 2004, huko Japani, Akira Ono na Humika Togashi waliunda uzi wenye T nyingi kila upande, ncha moja ikiwa na rangi inayong'aa na nyingine na kizima-mwanga. Zebaki ikiingia uzi unajikunja, ncha zinakutana, mwanga unafifia.

Kwa maabara isiyo na kifaa cha kupima mwanga huo kuna njia ya chembe za dhahabu (naam, dhahabu ndiyo inayomsema zebaki). Chembe ndogo sana za dhahabu zikielea kila moja peke yake, maji huwa mekundu kama juisi ya rozela. Zikigandana, yanageuka bluu. Chumvi huzigandisha, ila uzi wa DNA uliolegea huzing'ang'ania na kuzikinga. Zebaki ikishaukunja uzi, dhahabu inabaki bila kinga. Tia chumvi, uone bluu.

Hapo ndipo nilipoumbuka. Nilipoanza, nilipima maji ya kisima kimoja, yakawa bluu papo hapo. Nikaanza kutunga ripoti kichwani. Jioni nikarudia nikiwa na tyubu isiyo na uzi wala chumvi ya kuongeza, dhahabu na maji ya kisima tu. Bluu vilevile! Kisima kilikuwa na chumvi yake, zebaki haikuhusika kabisa. Tangu siku ile sisomi tyubu ya sampuli kabla sijaiona tyubu ya ulinganisho.

Kwa hiyo ugumu uko kwenye maji yako kuliko kwenye DNA. Kloridi huikumbatia zebaki isiufikie uzi, na tope na mabaki ya majani hufanya hivyo hivyo. Chukua maji yaleyale, ongeza zebaki ya kiasi unachokijua, uone kama kipimo kinakurudishia kiasi hicho. Shirika la Afya Duniani linapendekeza zebaki isiyo ya kikaboni isizidi mikrogramu 6 kwa lita ya maji ya kunywa, na kwa macho peke yake kufika chini hivyo si rahisi. Tumia kipima rangi, na nusu ya kila chupa ipeleke kwenye mashine ya ufyonzaji wa atomu.

Baiolojia au kemia? Mimi nilianzia baiolojia ya molekuli. Kilichonihamisha ni kazi ya Ronald Breaker na Gerald Joyce ya 1994: walipata DNA inayokata kiungo cha RNA (ndugu wa DNA) ikisaidiwa na metali ya risasi, yaani DNA inayofanya kazi ya kimeng'enya. Nikakuta kemia uchanganuzi siijui, nikaisoma ukubwani, kwa taabu. Wewe tayari unaifanya kila siku. Hayo ya DNA utayapata njiani.

Ila samaki wa ziwani usiwapime kwa uzi huu. Zebaki iliyo kwenye minofu yao kwa sehemu kubwa ni ya methili, yaani upande mmoja imeshashikwa na kundi la kaboni, nayo ina mkono mmoja tu uliobaki wazi. Haiwezi kuzishika T mbili kwa pamoja, kwa hiyo uzi hautajikunja hata samaki awe amejaa sumu.