Kutolewa karibu na nafasi za fedha kwenye mashindano ya poka

Mkuu, umeuliza kwa nini kila mara unatoka zikiwa zimebaki nafasi mbili tatu kufikia fedha, ilhali unatulia na kusubiri karata nzuri. Nimeshiriki mashindano ya Texas Hold'em kwa miaka sita na hapo ndipo nilipoumia zaidi.

Huko kutulia ndiko kunakokumaliza. Usihesabu chipu, vile vidude vya kuchezea, hesabu blaindi, yaani dau za lazima (ndogo na kubwa) ambazo wachezaji wawili huweka kabla ya kuona karata. Tuseme una chipu 24,000, blaindi ni 1,000 na 2,000, na mwenye blaindi kubwa analipa anti, dau jingine la lazima, ya 2,000. Mzunguko mmoja wa meza unakula 5,000 zako hata kama hujacheza karata yoyote. Kwa meza ya watu tisa, hata migao 45 haifiki kabla hujaisha, na blaindi zitapanda katikati. Jozi ya A, iliyo bora kuliko zote, huja kwa wastani mara moja katika migao 221. Unamsubiri nani?

Ukibaki na chipu za blaindi kubwa 12 hivi, uwe wa kwanza kuweka chipu zako zote. Uko kwenye batani, nafasi iliyo kabla tu ya wenye blaindi, wote wa mbele wametupa, una A na 7: weka. Wakikimbia, umeokota 5,000, zaidi ya moja ya tano ya ulichonacho. Akikufuata mtu, bado unaweza kushinda. Anayefuata hana njia mbili, lazima karata zake ziwe bora.

Hilo nilijifunza kwenye kasino moja hapa Dar. Tumebaki 11, wanalipwa 9. Nina A na Q, chipu zangu za wastani. Jamaa mwenye rundo kubwa akaweka zote, nami nikamfuata kwa hasira kwa sababu alikuwa ametuonea usiku mzima. Akafunua jozi ya 8. Mpambano huo ni kama asilimia 55 kwake na 45 kwangu, hivyo karata zangu hazikuwa mbovu. Lakini kulikuwa na wachezaji wawili wenye chini ya blaindi tatu! Ningetupa, huenda wangetoka wao. Nikatoka mimi, nao wakalipwa. A na Q hiyo hiyo, kama ningekuwa wa kwanza kuongea, ningeweka zote bila wasiwasi.

Sababu ni hii: bingwa anamaliza na chipu zote, lakini hapewi fedha zote, pengine nusu tu. Kwa hiyo ukizidisha chipu mara mbili, thamani yako haizidi mara mbili, na ukizipoteza umepoteza kila kitu. Karibu na malipo, wabane wenye chipu za wastani, maana ndio wanaoogopa kutoka. Mwenye blaindi mbili usimtishe kwa karata mbovu, atakufuata na chochote.

Niandikie ulikuwa na chipu ngapi, blaindi zilikuwa ngapi na ulikaa nafasi gani ulipotolewa mara ya mwisho, tuupitie mgao huo pamoja.