Kabla hujapanda mnara, uliza watu wanagawanaje masafa

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya minara huku Mtwara, nawaandikia kwa sababu ya siku mbili nilizopoteza Msimbati mwaka wangu wa kwanza. Wavuvi walilalamika kwamba wakienda mbali baharini, simu zinaonyesha alama za mtandao lakini wakipiga haziendi. Nikapanda mara mbili kugeuza antena. Hakuna kilichobadilika, na wale wazee walinisubiri ufukweni muda wote huo. Inaniuma mpaka leo, kwa kuwa jibu lilikuwa kwenye daftari langu la chuo: namna kila mtandao unavyowagawia watu masafa ya redio.

2G, yaani mtandao wa simu wa kizazi cha pili, hukata masafa vipande vya kilohezi 200, kisha kila kipande hugawanywa kwa zamu 8. Simu hutuma kwa mikrosekunde 577 hivi, hunyamaza, husubiri zamu irudi. Sasa wimbi la redio nalo linasafiri. Likitoka mbali hufika limechelewa na kuangukia zamu ya mwingine. Ili lisichelewe, mnara huiamuru simu iwahi kutuma, lakini amri hiyo ina ngazi 64 tu, kila ngazi kama mita 550. Zidisha: kilomita 35. Ukivuka hapo, hata mawimbi yakiwa mazuri, zamu huna. Na baharini hakuna kilima cha kuyazuia, ndiyo maana tatizo hili utakutana nalo pwani, si Newala. Ipo njia ya kumpa mteja zamu mbili mfululizo ili nafasi ya kuchelewa iongezeke, ila idadi ya wanaoweza kuongea kwa pamoja hupungua nusu. Usiipendekeze kabla hujahesabu simu za nchi kavu zinazotegemea mnara huohuo.

3G haina zamu za namna hiyo. Wote hutumia megahezi 5 zilezile kwa wakati mmoja, kila mmoja na msimbo wake. Fikiria mnada wa korosho Masasi: anayekuita kwa Kimakua unamsikia katikati ya Kiyao na Kimakonde. Lakini watu wakizidi, au wa karibu akipaza sauti, wa mbali humpati tena. Kwa hiyo nguvu ya kila simu hurekebishwa mara 1,500 kwa sekunde, na eneo la mnara husinyaa watu wakijaa. Malalamiko ya siku ya mnada kutoka pembezoni mara nyingi hayana uhusiano na antena.

4G hugawa upya kila milisekunde, kwa mafungu ya vipande 12 vya kilohezi 15 kila kimoja. Chaneli ya megahezi 10 ina mafungu 50. Simu yenye mawimbi dhaifu hula mafungu mengi kwa data ileile, na wenzake hubaki na machache.

Basi kabla ya kuvaa mkanda wa kupandia mnara, muulize mlalamikaji alikuwa wapi, saa ngapi, na simu ilikuwa kwenye mtandao gani. Wale wazee wa Msimbati wangenieleza walikuwa umbali gani, kama ningewauliza.