Doa jeupe shavuni halimuumi: je, ni chokaa ya tambuu tu?

Swali: Daktari, asalaam aleikum. Tuko Langoni, Lamu. Mamangu amepita miaka sitini. Juzi alipovua meno yake mawili ya bandia niliona doa jeupe ndani ya shavu la kushoto. Halimuumi, na yeye asema ni chokaa ya tambuu. Niliache?

Jibu: Waaleikum salaam, dada. Usiliache. Kwamba halimuumi si dalili ya usalama. Vile vidonda vidogo vinavyowaka kama moto aghalabu hupona vyenyewe ndani ya wiki mbili, lakini saratani ya mdomo huweza kuanza kimya kabisa.

Kama ni chokaa, utajua leo. Mama asukutue, kisha zungushia kidole kitambaa safi ulisugue taratibu. Chokaa itatoka. Utando wa fangasi pia hutoka, mfano wa maziwa yaliyoganda, ukaacha wekundu. Huwapata sana wenye kisukari na wanaolala na meno ya bandia, na dawa yake ipo. Doa lisilofutika, lisilo na sababu nyingine, huitwa lukoplakia. Mengi hayageuki saratani. Lakini hakuna daktari awezaye kukuhakikishia kwa macho tu. Likiwa na wekundu ndani yake, au gumu ukiligusa, mpeleke wiki hii hii.

Muulize tambuu huiweka shavu gani. Wengi hulaumu tumbaku peke yake, wakaona ukiitoa basi tambuu haina neno. Sivyo. Popoo yenyewe, ile kokwa itafunwayo ndani ya tambuu, hata bila chembe ya tumbaku, husababisha saratani ya mdomo. Tena hukaza nyama za mashavu: kwanza pilipili kidogo tu yawaka, baadaye mdomo haufunguki vizuri. Akiwa amevaa meno yake, asimamishe vidole vyake vitatu baina ya meno ya juu na ya chini. Visipoingia, mwambieni daktari.

Weusi wa ufizi uliotandaa pande zote tangu ujanani usikutishe, ni rangi yake.

Anzeni kliniki ya meno, Hospitali ya King Fahd, na mchukue hayo meno ya bandia. Yakiwa na ncha inayokwaruza yatachongwa, aache na popoo, kisha doa litazamwe tena baada ya wiki mbili. Likibaki, atakatwa kipande kipimwe maabara, pengine kwa rufaa ya Mombasa. Akiogopa, mwambie ni kama punje ya kunde, na atadungwa ganzi kwanza.