Maswali ya Wasomaji: Rangi Tulivu Zisizoipoozesha Sebule

SWALI: Ninaishi katika fleti ndogo na ninapenda nyumba yenye vitu vichache. Nimeondoa mapambo, nikapaka kuta zote nyeupe na kununua samani za kijivu, lakini sebule imekuwa kama wodi ya hospitali, hasa usiku. Je, nirudishe rangi kali? Nafikiria pia kaunta ya marumaru jikoni na zulia la mkonge au la juti.

JIBU: Rangi kali hazitakusaidia, ndugu msomaji. Kila kinachoonekana sebuleni kwako ni laini, kimenyooka na kinafanana na kilicho jirani yake, ilhali chumba chenye vitu vichache huhitaji nyuzi nene za kitambaa, mistari ya mbao na mikwaruzo ya jiwe, ili mwanga ukipita juu yake uache vivuli.

Kwa kuwa hali huwa mbaya zaidi usiku, anza na taa kabla hujanunua kitu kingine. Nashuku kwamba balbu zako ni zile zenye mwanga unaoelekea buluu, ambazo boksi lao huandikwa Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5000 au zaidi. Weka za 2700, ambazo mwanga wake huelekea manjano, nazo ziwe taa mbili tatu za pembeni badala ya moja ya katikati ya dari. Ndipo urudi kwenye kuta. Rangi nyeupe ya dukani aghalabu huwa na chembe ya buluu, kijani au manjano ndani yake, na utaigundua ukibandika karatasi ya kuandikia ukutani na kulinganisha. Mimi ningechagua rangi ya mchanga au ya kitani kisichopaushwa, isiyong'aa. Ila ijaribu kwanza kwenye ubao mkubwa unaoweza kuuhamisha ukuta hadi ukuta, asubuhi na usiku, kwani vile vipande vidogo vya sampuli hudanganya.

Kuhusu marumaru, jiwe hilo ni kalisi kaboneti, madini yanayoliwa na asidi, kwa hiyo tone la ndimu au siki huibabua na kuacha alama hafifu ambayo haifutiki, hata kama jiwe limepakwa dawa ya kuzuia madoa. Mpishi ambaye hataki kuishi kwa wasiwasi achukue graniti iliyosuguliwa bila kung'arishwa. Mkonge huvumilia nyayo lakini hukwaruza miguu mitupu, kwa hiyo utandike kwenye korido. Juti, ambayo ni laini na hulika upesi, ikae mbele ya kochi. Yote mawili yawe mbali na maji.

Samani za kijivu zibaki, isipokuwa meza ya katikati, ambayo ningeibadilisha kwa ya mbao halisi iliyopakwa mafuta ya mbegu za kitani badala ya vanishi, kwa sababu mikwaruzo yake hurekebishwa kwa msasa mwembamba na mafuta kidogo mahali pale pale palipoharibika. Vitambaa ulivyopakia mafuta hayo vitandaze nje vikauke, usivirundike, kwani vikiwa vimekunjamana hupata joto na huweza kuwaka vyenyewe.