Chawa Kambini: Mzazi Apigiwe Simu Kwanza

Kila Juni, kambi za watoto za kiangazi huku Marekani zikifunguliwa, makaunsela wapya (walezi wa watoto kambini) wanarudia yale yale. Chawa mmoja akionekana, ujumbe unarushwa kwa wazazi wa kabini (nyumba ya kulala watoto) nzima, na mzazi mwenyewe hajapigiwa simu. Wadogo zetu, tusikilizane kabla ya Jumapili ya kupokea watoto.

1. Sera ya chawa iende kwa wazazi Aprili pamoja na fomu za afya. Iseme nani anakagua vichwa, nini kinafuata akionekana chawa hai, nani analipia dawa, na ada inarudi au hairudi mtoto akichukuliwa. Mzazi asaini ruhusa ya kutibiwa kambini. Bila saini hiyo nesi atakaa na chupa ya permethrini, dawa ya kuua chawa, mkononi saa tatu usiku, akimsubiri baba aliye kwenye ndege.

2. Andikeni "chawa", jamani. Siyo "changamoto ya nywele".

3. Simu. Hapa ndipo mnapoharibu, kwa hiyo twende polepole.

Kwanza nesi athibitishe. Anatafuta chawa anayetembea, hasa nyuma ya masikio na kisogoni. Mba ukiipuliza inapeperuka. Yai limegandia kwenye unywele, ukilivuta kwa vidole haliteleziki. Mtoto aitwe faraghani, siyo kwa kipaza sauti wenzake wakila pankeki.

Kisha piga, na uanze na hili: "Mtoto yuko salama." Simu ya kambi usiku humfanya mzazi awaze mkono uliovunjika au mtoto aliyezama ziwani. Endelea: "Nesi amekuta chawa hai wawili. Chawa wa kichwa hawaambukizi magonjwa, na si dalili ya uchafu. Umesaini ruhusa, kwa hiyo tunampaka dawa leo, tunamchana kwa kichana cha chawa, na tunarudia dawa siku ya 9." Halafu nyamaza. Mwache aulize, hata akifoka.

Ukishakata simu, ndipo ujumbe uende kwa wazazi wa kabini hiyo, siku hiyo hiyo. Usitaje jina. Usiandike hata "mtoto aliyechelewa kufika", maana kwenye kabini ya watoto wanane huyo anajulikana. Ukigeuza mpangilio huu, wazazi wana kundi lao la simu: mama ataulizwa na mama mwenzake, "Eti ni wa kwako?" Hapo hasira si ya chawa tena. Anataka kujua kwa nini amefichwa, na hilo huna jibu lake.

4. Msiahidi "kambi isiyo na chawa". Mtoto anayeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kujikuna, na ukaguzi wa mlangoni humkosa. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, hakikubali mtoto kuzuiwa shule kwa sababu ya mayai. Yaliyo zaidi ya milimita 6 kutoka kwenye ngozi kwa kawaida yameshaanguliwa au yamekufa. Kambi yenu kama bado inarudisha watoto kwa mayai tu, mzazi alisome hilo kwenye sera, asilisikie kwenye simu.

5. Maswali ya kila mwaka: chawa haruki, hana mabawa, huhama vichwa vikigusana. Akidondoka hufa ndani ya siku mbili, kwa hiyo kabini isipuliziwe dawa ya wadudu. Shuka na nguo za siku mbili zilizopita zifuliwe kwa maji ya nyuzi 54 za Selsiasi na kukaushwa kwa joto kali; mwanasesere asiyefulika afungwe kwenye mfuko wa plastiki wiki mbili. Kondishena isipakwe kabla ya permethrini, inaidhoofisha.

Na ninyi mnaosema nywele zetu sisi Weusi hazishiki chawa: ni kweli huku hawaonekani sana kwenye vichwa vya Weusi, lakini mtakaguliwa pia. Vueni kofia.

6. Barua ya kufunga kambi iwaombe wazazi wamchane mtoto kwa kichana cha chawa kila baada ya siku 2 au 3, kwa wiki 2 hadi 3, na wakimkuta chawa watupigie.