Kabla hujaita dingdong (mashine ya kupasua mbao) shambani, uliza Fuso inafika wapi

Jamani hii naandika kwa wenzangu wenye mashamba ya paini huku Mufindi na Njombe, hasa nyie mnaokaa Dar na shamba mnaliona kwa picha za WhatsApp. Mtu akitaka kuvuna anauliza mbao bei gani saa hizi, mi nasema anza na barabara, maana barabara ndo inaamua mti wako utatokaje.

Mavuno yangu ya kwanza shamba lilikuwa kwenye mteremko mkali unaoshuka mpaka kwenye vinyungu, zile bustani za bondeni, barabara ya kijiji iko juu kabisa. Mnunuzi wa magogo ya viwanda vya vinia (mbao nyembamba kama karatasi) Mafinga alikuja, akachungulia bondeni, akaondoka. Gogo bichi la paini ni zito, nusu ya uzito wake au zaidi ni maji, halina wa kulipandisha pale, na trekta ukiliingiza kwenye mteremko ule unamtafutia dereva kifo. Ikabaki njia moja tu, dingdong ishushwe vipande vipande, tupasue hukohuko chini, halafu mbao zipande kwa vichwa vya watu. Vibarua walilipwa kwa kila mbao, na kadiri unavyoshuka chini bei ya kubeba inapanda, kwa hiyo ile miti ya chini kabisa, ambayo ndo ilikuwa minene, ndo iliyonipa hela ndogo kuliko yote. Mabanzi yote yaliozea shambani. Na roho iliniuma kuona kina mama wanapanda na mbao za 2x6 mbichi kichwani kutwa nzima, sitaki tena kuvuna hivyo.

Mwezi wa 12 mvua ikashika, Fuso ikashindwa kufika hata juu, mbao zikakaa zimelundikwa mbichi zikapiga bluu, yaani madoa ya ukungu, mnunuzi akashusha bei na mi sikuwa na la kusema.

Mara ya pili tukakaa majirani wanne tukachanga, tukaita greda litengeneze njia ya juu ya kilima kufuata ile njia ya kuzuia moto ambayo tayari ilikuwepo. Hapo kila kitu kikabadilika! Trekta lenye winchi linasimama palepale juu njiani, linavuta gogo kwa waya toka bondeni, tairi haligusi mteremko, na gogo linaenda kiwandani zima. Ila winchi nayo ina mwisho wa waya wake, ile miti iliyokuwa mbali zaidi bado tuliipasua kwa dingdong, sema sasa wabebaji walitembea kidogo tu.

Msije mkachonga barabara kila sehemu lakini. Kila njia inakula eneo la kupanda, na ukiichonga moja kwa moja kushuka mteremko maji yanaifanya korongo, tope lote linaishia kwenye vinyungu vya watu. Ipitishe kwa kukatiza ubavu wa mteremko na uweke michepuko ya maji.

Kama ndo unapanda sasa, acha njia kabla mashimo hayajachimbwa. Na kama itapita kwa jirani, andikishianeni kwa mwenyekiti wa kijiji miti ikiwa bado midogo, maana siku ya kuvuna akijua huna pa kutokea atakutajia bei anayotaka yeye.