Paka kala rosti yenye vitunguu

Pole sana dada. Umesema paka kalamba sufuria ya rosti jana usiku na leo anacheza kama kawaida. Usitulie bado. Kitunguu maji na kitunguu saumu, viwe vibichi au vimepikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, na dalili huchelewa, mara nyingine siku kadhaa. Gramu 5 za kitunguu maji kwa kila kilo ya uzito wake zinaweza kumdhuru. Kwa paka wa kilo 3 hicho ni kipande kidogo tu.

Mpigie daktari wa mifugo sasa hivi, umweleze alikula nini, kiasi gani na saa ngapi. Nakuomba usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike, chumvi nayo ni sumu kwake. Maziwa pia hayasaidii, hata bibi zetu wakisema.

Mpandishe mdomo wa juu utazame ufizi. Ukiwa umepauka badala ya waridi, au mkojo umekuwa kama chai ya rangi, au anahema haraka, mbebe umpeleke saa hiyohiyo. Wa kwangu alikuwa na ufizi mweupe kama karatasi, nikamwahi.